Nyumba Iliyopimwa Nusu

Vijana wa mtaani kwetu hapa Kilwa Masoko hunipa shikamoo kwa sababu ya mvi. Watu wa rika langu nao hunisalimu vizuri tu, lakini wao wanajua nilichokifanya mwaka ule nilipoachana na mke wangu, na wamekikalia kimya mpaka leo. Kimya chao kinaniuma kuliko ambavyo matusi yangeniuma. Nimeona niandike mwenyewe jinsi nilivyosema uongo juu ya nyumba yangu mbele ya mtu aliyekuja kuipima, ili angalau mara moja habari hii itoke kwangu.

Nilikuwa karani wa ghala la ushirika. Msimu wa korosho ukifika nilikaa karibu na mizani, kalamu sikioni, na wakulima kutoka Mitole na vijiji vingine wakapanga foleni mbele yangu. Karani wa siku zile alikuwa mtu. Kwa cheo hicho nilijenga nyumba ya miti na udongo, vyumba viwili, kimoja kila upande wa ukumbi, na juu nikapiga bati. Bati! Mtaa mzima ulikuwa makuti, na mvua ikinyesha, kelele ya kwangu ilisikika mpaka msikitini. Niliipenda kelele ile. Mgeni akiuliza njia alielekezwa afike kwa karani kwanza, kisha akate kushoto.

Likaja soko huria. Wanunuzi binafsi waliingia na malori yao na mizani yao, ushirika ukayumba, ghala likafungwa, nami nikapunguzwa kazi. Nilikaa barazani na shati langu la kazini, limepigwa pasi, nikingoja kuitwa tena. Nilingoja msimu wa kwanza na wa pili. Wa tatu nikaacha kupiga pasi.

Mke wangu, mtu wa kijiji cha Pande, hakungoja. Maji ya bamvua yakitoka alishuka na wanawake wenzake mwambani kutafuta pweza, na baadaye majongoo ya bahari, vile vidude laini ambavyo sisi tulivikanyaga tangu utoto bila kuvitazama mara mbili. Sasa kulikuwa na watu waliovitaka, wakisema huko ng'ambo ni chakula cha wakubwa. Mke wangu akaanza kununua kwa wenzake, akavipasua, akavichemsha, akavikausha kwa moshi, na mawakala wakaja kuvichukua mlangoni. Nyumba ilinuka. Nililalamika sana juu ya harufu ile, nikala vilivyotokana nayo.

Kwa fedha hiyo akajenga uani. Hakujenga kwa udongo kama mimi. Alinunua mawe ya matumbawe, akapanga magogo ya mikoko, akachoma tanuri la chokaa palepale nyuma ya nyumba yangu, na fundi akamwinulia vyumba vitatu vya mawe, kuta nene, sakafu imesawazishwa kwa mkono. Juu aliezeka makuti kwa kuwa bati zilikuwa zinangoja msimu mwingine. Mtu akipita njiani, juu ya ua aliona paa la makuti tu na moshi, akadhani ni jiko.

Chumba kimoja kilikuwa cha mzigo wake, kimoja cha kwake mwenyewe, na cha kati alimweka mama yake, aliyemleta kutoka Pande baada ya miguu kumwishia nguvu. Mimi na mama mkwe tuliishi kwa desturi. Mkwe hakai na mkwewe uso kwa uso. Kwa miaka ile yote sikukanyaga chumba chake. Kila asubuhi nikienda chooni, nilisimama nje ya ukuta nikamwamkia, naye akaniitikia kutoka ndani, na sauti yake naijua vizuri zaidi kuliko sura yake.

Siku moja nilimsikia mtoto akimwelekeza mgeni barabarani: "Nenda mpaka kwa Mama Majongoo, halafu kata kushoto." Nilikuwa nimekaa palepale barazani. Tangu siku hiyo mke wangu hakufanya jambo lililonipendeza, hata alipopika nilichokiagiza.

Ndipo akaja tajiri mmoja kutoka Dar es Salaam akitafuta mahali pa kujenga gesti. Alisema watu wanaokwenda Kisiwani kutazama magofu watahitaji pa kulala, na kiwanja chetu kiko mahali pake hasa. Nilimtembeza nyumba yangu, akatikisa kichwa kwa adabu. Nikampeleka uani. Alipoviona vile vyumba vya mawe akagonga ukuta kwa kidole, akageuka, si kwangu, kwa mke wangu.

"Hii unauzaje, mama?"

"Haiuzwi, baba," mke wangu akamjibu. "Ina mtu ndani."

Mgeni alipokwisha kuondoka nilimwambia mke wangu kwamba ameniaibisha. Akaniuliza, bila kupandisha sauti, ameniaibisha wapi. "Ya mbele uza, ni yako. Ya nyuma nimejenga mimi. Unajua." Hilo neno la mwisho ndilo lililonipandisha hasira, maana ni kweli nilijua. Nikamtamkia talaka moja, nimesimama mlangoni, mkono kiunoni. Yeye alikuwa anapepeta mchele. Akamaliza kuupepeta, akaufunika, akaenda kumwambia mama yake.

Talaka moja ina eda yake. Mwanamke hukaa miezi mitatu katika nyumba ya mumewe, na mume akijirudi humrejea. Kwa hiyo tulikwisha kuachana na bado tulikuwa nyumba moja, yeye uani, mimi mbele. Sikujirudi. Nilikuwa nimemwahidi tajiri kiwanja kizima kabla mikorosho haijatoa maua, nimekwisha kupokea fedha ya kutanguliza, na nilijiona mwanamume kwa ahadi ile kuliko nilivyojiona kwa jambo lolote tangu ghala lifungwe.

Mke wangu alikwenda Mahakama ya Mwanzo. Hakimu alikuwa kijana wa bara, mgeni kabisa Kilwa, hajui kwa nani ni wapi. Alisikiliza pande zote mbili akasema nyumba ithaminiwe na mtu anayeijua kazi hiyo, alete karatasi, kisha kila mmoja apewe kwa kadiri ya jasho lake. Atakayebaki na nyumba amlipe mwenzake sehemu yake. Barua ya kiwanja ilikuwa na jina langu, na nilijua atakayebaki ni mimi. Lililosalia lilikuwa moja tu, karatasi iseme nini. Ikisema nyumba ni ndogo, sehemu yake itakuwa ndogo, nitamlipa kwa alichotanguliza tajiri, na yeye na mama yake watarudi Pande.

Kule Pande hawakuwa na pa kurudi. Ndugu zake walikwisha kugawana shamba, na nyumba ya marehemu baba yao ilikuwa imeanguka. Alichokuwa nacho mke wangu duniani ni vile vyumba vitatu, na mama yake hakuwa na mahali pengine pa kulaza miguu ile. Siandiki haya kama mtu aliyeyatambua baadaye. Nilijua wakati uleule.

Mthamini alitoka Lindi. Alikuwa kijana wa Kimakonde, Mkristo, msalaba mdogo ukionekana kifuani mwa shati. Alifika asubuhi amejaa vumbi, akapiga hodi, akanipa shikamoo, akavua viatu kabla ya kukanyaga ukumbi. Hakuna aliyemwambia avue. Alikuwa na fomu zake kwenye ubao na futi ndefu ya kukunjua, akaniomba nimshikie ncha. Nikaishika. Tulipima chumba cha upande wa kulia, tukapima cha kushoto, tukapima ukumbi, yeye akisoma na kuandika, mimi nikichutama na kuinuka kama msaidizi wake.

Nilimsaidia kwa mengine pia. Nilimwonyesha ufa uliokuwa nyuma ya kabati, ambao asingeuona. Nilimwonyesha mchwa. Watu wengine huficha mchwa wa nyumba zao wakija wageni, mimi niliwafukua kwa kijiti ili awaone vizuri. Nikamwambia bati zangu zimeliwa na chumvi, zile bati nilizojivunia mpaka watu wakanichoka. Yule kijana akanitazama kwa huruma, akasema, "Pole, mzee."

Tukafika mwisho wa ukumbi, kwenye mlango wa uani, uliofungwa kwa pazia la khanga. Nyuma ya pazia mchi ulikuwa ukilia kinuni.

"Na huko nyuma, mzee?"

"Uani tu. Jiko la makuti na choo."

"Naomba nipite nione."

"Haitawezekana, mwanangu. Mke wangu yuko eda. Mwanamume wa kando hapiti huko."

Mtu wa pwani angenicheka. Aliyefiwa na mume ndiye anayejifungia hivyo, na hata yeye nyumba yake haigeuki gofu lisilokanyagwa. Aliyeachwa hukaa kwa mumewe, lakini akijitanda khanga yake vizuri huzungumza na mgeni, na mke wangu wiki ileile alikuwa amesimama mlangoni akibishana bei na mawakala. Yule kijana angepiga hodi, angengoja dakika moja, angepita. Lakini alikuwa Mkristo na alikuwa na adabu, na mimi nilivitazama vitu hivyo viwili nikaona ni mlango ulio wazi. Nilisema kwa sauti ya mtu wa dini, mimi niliyekuwa nikionekana msikitini Ijumaa kwa Ijumaa.

Akarudi nyuma hatua mbili. "Nisamehe sana, mzee. Sikujua."

"Hukukosea," nikamwambia, na hata nikamgusa bega.

"Basi niandike jiko la makuti na choo?"

"Andika."

"Hakuna jengo lingine?"

"Hakuna, wallahi."

Mchi ukanyamaza. Nilisikia jinsi ulivyonyamaza, katikati ya pigo, na nikajua kila neno limefika. Yule kijana aliinamia fomu yake. Ilikuwa na mistari mingi, akauliza paa lina umri gani, maji tunachota wapi, wanaoishi humu ni wangapi.

"Wawili," nikasema. "Mimi na huyo aliye eda."

Akaandika wawili.

Mke wangu angeweza kupiga kelele. Angeweza kutoka amejitanda, akasema, kijana, pita huku. Badala yake, baada ya muda, pazia likasogea kidogo na mkono wake ukatoka umeshika sinia la chai na vitumbua. Mgeni alikuwa nyumbani kwake na hajanywa kitu, na kwake hilo lilikuwa jambo la kwanza kabla ya mengine yote. Yule kijana alipouona mkono ule aligeuza uso ukutani, kwa heshima niliyokuwa nimemfundisha mimi.

"Ahsante sana, mama," akaliambia pazia.

"Karibu, baba," sauti ikamjibu, imetulia kabisa.

Ningependa kuandika kwamba vitumbua vile vilinikaa kooni. Havikunikaa. Nilikula vitatu.

Jioni ile mke wangu hakuniuliza kitu. Asubuhi iliyofuata nilipita uani kwenda chooni, nikasimama nje ya chumba cha kati kama kawaida, nikasema, "Shikamoo, mama," nikingoja nisijibiwe. Akajibu vilevile kama siku zote, "Marahaba, baba, umeamkaje?" Nikajipa moyo. Nikasema mzee huyu masikio yamekwisha, na binti yake ni mwoga, na jambo limepita. Kunyamaza kwao nikakuchukua kuwa ujinga.

Utaniuliza nilitegemea nini, maana Masoko nzima iliijua nyumba ya Mama Majongoo. Nusu ya wanawake wa mtaa walibeba maji ya chokaa ile. Mmoja wa wazee wawili wa baraza la mahakama, wanaokaa kando ya hakimu, alikuwa jirani yangu, na alikula pilau katika chumba kile cha mawe siku tuliyosoma dua kukifungua. Mimi nilitegemea haya zao. Kwetu mambo ya uani hayatolewi barabarani. Mtu anaweza kuona jirani yake anaoza, akafunga dirisha ili asimwaibishe kwa kumwona. Desturi ile ni nzuri, imetunza nyumba nyingi, na mimi niliitumia kama mwizi anavyotumia giza.

Eda ilipokwisha tukaitwa. Chumba cha mahakama kilijaa, wengine wakasimama madirishani, maana kesi ya mume na mke huwa haikosi watazamaji. Hakimu akaifungua karatasi ya mthamini, iliyopigwa chapa vizuri na muhuri chini, akaisoma kwa sauti. Nyumba ya miti na udongo, vyumba viwili na ukumbi. Kuta zina nyufa na mchwa. Bati zimechakaa. Uani kuna jiko la makuti na choo cha shimo, navyo havina thamani ya kuingizwa katika hesabu.

Nyuma yangu mtu alikohoa. Mwanamke mmoja akasema "Ah!" akajiziba mdomo kwa khanga. Yule jirani yangu, mzee wa baraza, alivua kofia akaitazama ndani kana kwamba imeandikwa kitu, akaivaa tena. Hakimu alimtazama, akatutazama sisi, hakuelewa chochote.

"Mama, umeisikia taarifa. Una la kusema?"

Mke wangu akasimama. Alivaa buibui lake jeusi na alikuwa amekonda kidogo.

"Sina ubishi nayo, mheshimiwa. Ameisema baba mwenyewe, na baba hasemi uongo mbele ya mgeni."

Nikasikia feni ikikwaruza.

"Ila nina ombi," akaendelea. "Nyumba hiyo ya mbele ameijenga yeye, bati kanunua yeye. Mimi sehemu yangu humo siitaki, hata kidogo. Naomba nipewe hicho cha uani kisicho na thamani. Nina mama mgonjwa. Jiko litatutosha."

Hakimu aliweka kalamu chini. Nadhani alikuwa hajapata kuona mtu akisamehe haki yake namna ile. Akanigeukia mimi.

"Bwana, mwenzio anakuachia nyumba yote, anaomba jiko na choo. Una pingamizi?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema, lakini hawasemi jinsi kilivyo kirefu unapokuwa unashuka. Nikisema nina pingamizi, nitaulizwa kwa nini, na nitalazimika kusema kwamba lile jiko ni vyumba vitatu vya mawe na chokaa, na kwamba niliapa kwa jina la Mungu mbele ya mgeni kwamba havipo. Nikisema sina, vyumba vimekwenda, kiwanja kimekatika katikati, na tajiri wangu naye amekwenda. Nilimtazama mke wangu. Hakuwa ananitazama kwa ushindi. Alikuwa anatazama sakafu, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kuvaa nguo.

"Sina pingamizi," nikasema.

Hakimu akaandika. Kisha akatabasamu, mtoto wa watu, akasema maneno ambayo bado huyasikia nikiwa nanyoa ndevu. Alisema ameamua kesi nyingi za mirathi na talaka na ameona watu wakigombania hata masufuria, lakini sisi tumeonyesha uungwana. Akasema anatamani watu wote waachane kama sisi. Nyuma yangu watu waliinamisha vichwa, mabega yakawa yanatikisika. Nilitoka kupitia mlango mkubwa katikati yao, wakanipisha, na kila mmoja aliniambia "Pole, karani" kwa sauti ya chini. Miaka mingi nilikuwa sijaitwa karani.

Tajiri alikuja mara moja tena. Akatazama vyumba vyangu viwili vya udongo, akatazama nyuma ambapo sasa hapakuwa pangu, akasema atarudi. Watu wa Dar wana namna yao ya kusema watarudi. Nilimrudishia alichotanguliza, kasoro niliyokwisha kula, na hiyo nayo nilimlipa polepole.

Pale palipokuwa na pazia mke wangu alipigisha mlango wa mbao, komeo likiwa upande wake. Hakufanya kwa ubaya. Sasa alikuwa mwanamke asiye na mume, anaishi na mama yake, na ukumbi wa mwanamume wa kando ulikuwa unafungukia uani kwake. Niliusikia mlango ukipigwa misumari, nikakaa kitandani, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba choo kiko ng'ambo ya pili.

Nilikuwa nimekitaja mimi. Jiko na choo, nilisema, na nilipoulizwa tena nikasema andika. Alipewa vyote viwili, kwa muhuri wa mahakama.

Basi nikaanza kuamka alfajiri kabla ya adhana, nikaficha kopo la maji ndani ya kanzu, nikashuka vichakani upande wa mikoko kama watoto. Mtu mzima, mwenye nyumba ya bati. Asubuhi moja nilikutana na yule jirani, mzee wa baraza, anatoka kutazama mitego yake. Akaliona kopo. "Sabalkheri," akasema, na papo hapo akageuka kutazama maji upande wa pili, muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama maji. Nilirudi nyumbani nikalia. Sikulia mahakamani, sikulia nilipopunguzwa kazi. Nililia kwa sababu mtu aligeuza uso kwa ajili yangu.

Siku chache baadaye mlango wa ukumbini uligongwa kutoka upande ule.

"Baba."

"Naam."

"Mvua zinakuja na wewe una kifua. Choo hakikupewa talaka. Piga hodi, upite."

Kulipokucha nilisimama mbele ya mlango ule na kopo langu mkononi, nikainua mkono nikaushusha, nikainua tena. Nilikuwa nimeuinua ukuta ule wa pembeni kwa mikono yangu, na sasa nilikuwa natafuta sauti ya kuombea ruhusa.

"Hodi."

"Karibu," akasema, akavuta komeo, na nilipoingia alikuwa amekwisha kujitenga jikoni ili nipite bila kutazamwa.

Uani kulikuwa kumefagiliwa. Makuti ya paa yalikuwa yameanza kuvuliwa upande mmoja, bati mpya zimeegemezwa ukutani. Nikafika nje ya chumba cha kati. Ningeweza kupita kimya, lakini miguu ilikuwa na mazoea yake, ikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Siku nyingi."

"Siku nyingi, mama."

Nikataka kuendelea. Akanena tena kutoka ndani, taratibu, kama anayeniuliza habari za shamba.

"Siku ile ya mgeni wa Lindi sikuwa nimelala."

Nikalihamishia kopo mkono wa pili.

"Nilisikia anakuuliza habari za nyumba. Nikasema, nyumba ni vitu, watu hudanganyana kwa vitu tangu zamani. Halafu akakuuliza watu. Nikajinyanyua kidogo hapa kitandani. Nikasema, hapa sasa atanitaja."

Ukuta ule ulikuwa mnene na mweupe, sijapata kuona chokaa iliyoungua vizuri kama ile. Niliweka kiganja juu yake, maana sikuwa na mahali pengine pa kukiweka.

"Nisamehe, mama," nikasema.

Kitanda cha kamba kikalia kidogo, kama mtu anayegeuka kutafuta upande usiouma.

"Pita, baba," akasema. "Usisimame hapo na kopo. Kumekucha, watu watakuona."

Nikapita.